Mahame ya Operesheni Vijiji: mikorosho ni ya ukoo au ya kijiji?

Mtoa hoja (Newala)
Ugomvi huu unarudi kila msimu, kuanzia Tandahimba mpaka Ruangwa, basi tuujadili wazi. Operesheni Vijiji, ile ya Tanzania ya miaka ya 1970, iliwatoa watu kwenye makazi yao na kuwapanga kando ya barabara. Huku kusini ilianza mapema, kwa sababu vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Shamba likabaki nyuma, mbali. Korosho za nchi nzima zilifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 hazikutimia hata 20,000. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na bei mbovu vilichangia, sikatai. Lakini mkorosho usiopaliliwa humezwa na pori, na moto wa kiangazi ukipita chini yake unaondoka nao. Hayo ndiyo mahame. Sasa wajukuu wanarudi na kukuta mtu mwingine anaokota korosho. Msimamo wangu: mti urudi kwa ukoo ulioupanda.

Mchangiaji wa pili (Masasi)
Urudi kwa sheria ipi, ndugu yangu? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji uliofanyika kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, hata ule uliokiuka sheria. Aliyegawiwa eneo miaka ile ana haki kamili, na haki ya mwenye shamba wa mwanzo imekufa. Inauma, lakini bila hivyo kila kijiji kingebomoka kwa kesi.

Ila tusome kwa makini: kinachothibitishwa ni *ugawaji*. Hame ambalo kijiji hakikumgawia mtu halimo humo. Na anayesema "mliliacha zaidi ya miaka 5, limetelekezwa" akumbuke kwamba sheria hiyohiyo inahesabu kupumzisha ardhi kuwa ni kuitumia. Wanaolima kwa kuhama na kurudi walilijua hilo zamani.

Mchangiaji wa tatu (Nachingwea)
Marekani mwaka 1862 walitunga sheria: mlowezi anapewa ekari 160, akijenga, akikaa na kulima miaka 5, ni zake. Kwa nini anayepalilia hame leo asipewe hivyohivyo?

Mchangiaji wa nne (Lindi Vijijini)
Kwa sababu ekari zile zilikuwa na wenyewe, wakafukuzwa kwanza ndipo zikaitwa tupu. Hame nalo si tupu. Ingia ndani utaona: miembe miwili mitatu ilipokuwa nyumba, vigae vya mitungi, makaburi. Mikorosho ndiyo inayofuata.

Hapo ndipo mtoa hoja alipopita haraka. Kwa mila za huku, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Ukiazimwa shamba unapanda mihogo, kunde, njugu mawe, na hakuna atakayekuuliza. Ukichimba shimo la mkorosho umetangaza kwamba hapa pako, na mwenye shamba atakuja asubuhi hiyohiyo. Tena Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa mama. Mume alipanda mikorosho kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Amekufa, wanasimama wapwa zake upande mmoja na watoto wake upande mwingine. Unaposema "ukoo ulioupanda", ni ukoo upi?

Mtoa hoja
Nakubali, hilo sikulipima. Basi tutatueje?

Mchangiaji wa nne
Uhakiki, yaani kuthibitisha nani ana haki gani na mpaka uko wapi, kabla ya hati ya kimila ambayo kijiji humpa mwenye ardhi. Kamati ya kijiji ya uhakiki haizidi watu 9, na wanawake wasipungue 4. Wale wanne ndio wanaojua nani alizaliwa na nani. Tembeeni kwenye mpaka wa shamba pamoja na majirani wa pande zote, si mwombaji na mpimaji peke yao. Hesabuni mashina. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba miti kama 28. Mtu akidai ekari 3 na mashina ni 30, ama mengi yamekufa ama mpaka umesogezwa, tafuteni visiki. Mwenye miti na mwenye ardhi wakiwa watu wawili tofauti, waandikishane mbele ya halmashauri ya kijiji: nani anaokota, nani analipia salfa ya kuzuia ubwiriunga, na mti ukifa nani anaruhusiwa kupanda mwingine. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo linalozaa kesi, kwani mche mpya ni dai jipya la ardhi.

Tatizo gumu zaidi ni hame lililoangukia ndani ya mpaka wa kijiji jirani, maana mwenye miti anahesabiwa mgeni. Hapo vijiji viwili vikae pamoja, na viwahi kabla ya Septemba. Korosho zikianza kudondoka, hakuna jirani atakayetulia kutembea mpaka.

Mchangiaji wa pili
Na jina la mke liandikwe kwenye fomu ya kuomba hati siku hiyohiyo, si baadaye.