Sinema yenye Oscar 6 imeniletea vurugu kibandani, naombeni ushauri

Kibanda_Majengo: Habari za jioni wakuu. Nina kibanda umiza hapa Majengo, Moshi. TV moja, spika mbili, mabenchi sita. Jumamosi hapakuwa na mechi, nikaweka The Hurt Locker kwa jero. Nilisoma kuwa mwaka 2010 ilizoa Oscar 6 ikiwemo ya filamu bora, ikaibwaga Avatar, na Kathryn Bigelow akawa mwanamke wa kwanza kupata Oscar ya uongozaji. Nikaandika ubaoni kwa chaki: VITA, OSCAR 6! Watu wakajaa.

Sasa yule askari wa mwanzo anayevaa lile lisuti la kutegua mabomu, wote tukajua ndiye steringi. Hata hatujakaa vizuri, bomu likalipuka, akafa. Kijana mmoja wa bodaboda akasimama: "Steringi kafa, tunaangalia nini tena?" Walivyofika jangwani, wamelala wanamvizia adui, kimya, mmoja anamnywesha mwenzake juisi kwa mrija, ikawa miluzi mtindo mmoja. Nimerudisha jero kumi na nne.

Jumamosi hii nataka kuweka nyingine ya vita yenye tuzo. Nichague vipi? Au tuzo zao hazituhusu?

Mama Wawili: Pole kaka. Kilichokuponza ni ubao. Ungeandika "wategua mabomu Iraki", asingekuja mtu kutafuta Rambo.

Fundi Spika: Mkuu, usihesabu tuzo, angalia ni za nini. 1917 ilipata Oscar 3 mwaka 2020: upigaji picha, uchanganyaji wa sauti na madoido ya picha. Vyote hivyo vinataka skrini kubwa na spika za maana. Kwako, mvua ikianza kupiga bati, utabaki na askari wawili wanatembea tu. Saving Private Ryan nayo ina 5, mbili za sauti, ila pale wanaposhuka ufukweni Normandy hata kwenye TV ya chogo watu watanyamaza. Na bado mwaka 1999 ilinyimwa filamu bora, ikapewa Shakespeare in Love, hadithi ya mapenzi. Weka hiyo Majengo uone.

Kibanda_Majengo: 😂 Watachoma mabenchi.

Dada wa Kaloleni: Niko Arusha. Tafuta Sometimes in April ya Raoul Peck, ya 2005. Idris Elba ni mwanajeshi wa Rwanda aliyefiwa na familia kwenye mauaji ya 1994, na kaka mtu anashtakiwa hapa hapa Arusha. Oscar usiitafute, ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, ila ilishindania tuzo kule Berlin. Miaka ile ya mahakama ya UN ya mauaji hayo nilikuwa naosha vyombo mgahawani karibu na AICC, lile jengo la mikutano ilimokaa, magari meupe ya UN yanapita kila asubuhi, wala hatujui ndani kunasemwa nini. Siku naiona hiyo sinema chai ilipoa mkononi. Steringi hafi, kama hilo ndilo tatizo.

Mtoto wa Soweto: Kama ni Idris Elba, basi Beasts of No Nation, ya mtoto anayefanywa askari. Dogo wa Ghana, Abraham Attah, alipewa tuzo ya mwigizaji chipukizi Venice 2015, na Elba akatuzwa na waigizaji wenzake Marekani. Oscar hawakuiteua hata kwa kitu kimoja. Ila wadogo wasiingie, ina mambo mazito.

Mama Wawili: Na kibali cha Bodi ya Filamu unacho, au tunakushauri gizani?

Kibanda_Majengo: Dada, hilo tuzungumze pembeni.

Mzee wa Kibosho: Wanangu, mimi nilikuwa vitani mwaka 1979, tukaingia mpaka Masaka. Jumamosi nilikaa benchi la nyuma. Hapo kwenye juisi ndipo nilipokuwa nimeanza kuikubali, wakaizima. Siku nyingi sisi tulilala vile vile, midomo imekauka, huoni mtu. Mwanangu, niwekee Jumanne mchana. Nitalipa hizo jero zote kumi na nne.

Kibanda_Majengo: Shikamoo mzee. Jumanne saa nane, njoo na kofia, bati linaunguza. Hulipi.