Baba amekataa leza ya macho kwa kuwa anaona vizuri: tafiti zinasemaje?

Mwana wa Wete

Asalaam alaykum ndugu zangu. Baba yangu ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63, anaishi Wete, na ana kisukari kwa mwaka wa kumi na nne sasa, pamoja na presha ambayo huinywea dawa pale tu kichwa kinapomuuma. Mwezi uliopita nilimbembeleza akapimwe macho, nikidhani kwamba likionekana tatizo litakuwa ni mtoto wa jicho kama lililompata marehemu bibi. Tabibu alimtia matone ya kupanua mboni, akamtazama nyuma ya jicho kwa muda mrefu, kisha akatwambia kuwa mtoto wa jicho hakuna, ila mishipa mipya ya damu imeota juu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, katika macho yote mawili, nayo ni dhaifu na inaweza kuvuja damu wakati wowote. Ametuandikia barua ya kwenda Unguja kupigwa leza.

Baba amekataa. Anasoma msahafu kwa miwani yake ile ile ya miaka yote, na anauliza vipi akubali kuchomwa jicho linaloona. Zaidi ya hayo, jirani yetu aliyepigwa leza analalamika kwamba usiku haoni njia kama zamani. Yeye alisomesha hesabu skuli, na maneno matupu hayamgeuzi; akiletewa idadi ya watu waliojaribiwa na matokeo yao, hapo husikiliza. Je, matibabu haya yalithibitishwa kwa utafiti, au ni mazoea tu ya madaktari? Na mbona tabibu wa macho alishughulika zaidi na presha, akataka na mkojo upimwe kwa ajili ya figo, hali ya kuwa sisi tulikwenda kwa jicho?

Muuguzi wa Macho, Unguja

Wa alaykum salaam. Nianze na hilo la kuona vizuri, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu kuta za mishipa midogo kabisa ya retina. Mingine huvuja, mingine huziba. Sehemu za retina zilizokoseshwa damu hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya. Fikiria mtaa uliokatikiwa na maji, watu wakaanza kujitobolea mabomba wenyewe pasipo fundi: maji yatafika, lakini bomba litapasuka na kufurika nyumba. Maadamu kitovu cha retina, tunachosomea, hakijaguswa, mgonjwa husoma kama kawaida hadi siku damu itakapomwagika ndani ya ute wa jicho, akaona kiwingu cheusi kimemshukia ghafla. Leza huunguza sehemu za pembeni zenye njaa ya damu ili ziache kuita, na kitovu huachwa salama.

Sasa hesabu za Mwalimu. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1972, waliandikishwa watu zaidi ya 1,700 wenye kisukari na macho ya hali kama ya mzee wako au inayokaribiana nayo. Mpango wake ulikuwa wa ajabu kidogo, na naamini utampendeza mtu wa hesabu: kila mgonjwa jicho lake moja lilichaguliwa kwa kura likapigwa leza, na la pili likaachwa. Mtu ni yule yule, sukari ile ile, presha ile ile, kwa hiyo hapana aliyeweza kudai kwamba waliopona walikuwa na afya bora kuliko wenzao. Leza ilipunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu. Tofauti ilidhihirika mapema kiasi kwamba mwaka 1976 watafiti walibadilisha utaratibu wao, ili yale macho yaliyoachwa nayo yaweze kutibiwa yakiwa katika hatari kubwa.

Jirani yenu hakusema uongo. Katika utafiti huo huo ilionekana kwamba leza inaweza kupunguza upana wa kuona wa pembeni, na uoni wa usiku huweza kufifia. Mgonjwa aelezwe hayo kabla, asije akayagundua barabarani. Leza haikusudiwi kumwongezea uoni. Inakusudiwa kuulinda alionao.

Ziko pia sindano za ndani ya jicho zinazozuia ile kemikali. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2015, wenye washiriki 305, ulionyesha kuwa baada ya miaka miwili sindano hazikuwa duni kuliko leza kwa ugonjwa wa hatua hii. Hata hivyo sindano hurudiwa mara kwa mara, na uzoefu wa baadaye umeonyesha kuwa waliokatisha miadi baada ya sindano waliharibikiwa zaidi kuliko waliokatisha baada ya leza. Kwa mtu ambaye kila miadi kwake ni safari ya boti, ningelitia uzito mkubwa jambo hili.

Msomaji wa Chake Chake

Nijibu hilo la presha na figo, nimelisoma kwa kuwa mama yangu naye yamempata. Nyuma ya jicho ndipo mahali pekee mwilini ambapo daktari huiona mishipa midogo ya damu kwa macho yake, bila kupasua kitu, tangu Helmholtz alipounda kifaa cha kutazamia retina mwaka 1851. Mishipa ya figo na ya ubongo haionekani, lakini sukari na presha huitesa vile vile, na ndiyo maana mkojo hupimwa kutazamwa kama figo zimeanza kupitisha protini. Mwaka 1939 madaktari watatu wa Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliwagawa wagonjwa wa presha mafungu manne kwa kutazama retina zao tu. Baada ya miaka mitatu, katika fungu la kwanza walikuwa hai asilimia 70; katika fungu la nne, asilimia 6. Dawa za presha za maana hazikuwapo bado, kwa hiyo asiogope mtu kwa tarakimu hizo.

Dawa zilipopatikana, Waingereza walifanya utafiti mkubwa wa kisukari ulioanza mwaka 1977, na matokeo yake makuu yakatolewa mwaka 1998. Ndani yake watu 1,148 wenye kisukari na presha waligawanywa: kundi moja likabanwa presha kwa nguvu, jingine likaachiwa nafasi zaidi. Wastani uliopatikana ulikuwa 144/82 kwa 154/87, yaani tofauti ndogo ambayo baba yako angeliweza kuidharau. Lakini kuzorota kwa retina kulipungua kwa asilimia 34 katika kundi lililobanwa, na kiharusi kwa asilimia 44. Vidonge vile vile vilililinda jicho na ubongo kwa pamoja.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii, na naona ndiyo inayomhusu zaidi mtu anayemeza dawa kichwa kikiuma. Utafiti ulipomalizika, tofauti ya presha baina ya makundi ilitoweka ndani ya miaka miwili, na faida ile haikudumu.

Mkulima wa Makunduchi

Samahani, mimi nina wasiwasi. Tafiti zote mnazozitaja ni za Wazungu huko kwao. Sisi Pemba na Unguja tumezoea watafiti wanaokuja na vikopo vya mkojo kwa ajili ya kichocho, matokeo tukayajua hapa hapa. Nani kasema mishipa ya Mzungu na ya Mpemba ni mamoja?

Msomaji wa Chake Chake

Hoja yako ina haki, Bwana Mkulima. Katika utafiti ule wa Uingereza wengi walikuwa wazungu, ingawa walikuwamo pia watu wenye asili ya Kihindi na ya Karibiani. Namna sukari inavyoharibu mshipa na namna leza inavyofanya kazi hazifuati rangi ya mtu. Asilimia zenyewe ndizo zinazoweza kutofautiana, na mimi ningependa kuona za kwetu zikihesabiwa kwetu. Lipo hata jambo moja la vipimo ambalo sisi hatupaswi kulipita: kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hupotoka mtu akiwa na upungufu wa damu au vinasaba vya selimundu, na yote mawili yako kwetu kwa wingi. Ugonjwa wa selimundu wenyewe nao huweza kuziba mishipa ya retina pasipo kisukari chochote. Kwa hiyo baba wa ndugu yetu na aulize kama kipimo hicho kinalingana na sukari anayojipima mwenyewe kidoleni.

Mwana wa Wete

Nawashukuru sana. Nilimsomea baba habari ya jicho moja kupigwa leza na jingine kuachwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kura ilipigwa vipi, na kwangu hiyo ni dalili njema. Ameridhia kwenda kusikiliza, hajaridhia zaidi ya hapo. Amebakiwa na swali moja: yeye hunywa aspirini kila siku kwa ajili ya moyo kwa amri ya daktari. Aiache, kwa kuwa mishipa yaweza kuvuja damu?

Muuguzi wa Macho, Unguja

Asiiache kwa shauri lake. Swali hili nalo lilijaribiwa Marekani kwa watu 3,711 wenye kisukari: nusu walipewa aspirini miligramu 650 kwa siku, nusu kidonge kisicho na dawa ndani yake. Aspirini haikuusaidia ugonjwa wa retina wala haikuuzidisha, na damu ndani ya jicho haikuongezeka kwa walioinywa. Iwapo moyo wake unaihitaji, hilo ni la daktari wake wa moyo.

Mje na dawa zote anazokunywa, katika pakiti zake, na daftari la presha kama analo. Kama hana, aanze leo, asubuhi na jioni, akiwa ameketi na kupumzika dakika tano. Aje na mtu wa kumshika mkono, kwa kuwa matone ya mboni humtia mtu ukungu na mwanga humuumiza kwa saa kadhaa. Miwani ya jua itamfaa. Na kama ana vespa yake huko Wete, basi siku hiyo ufunguo ukae nawe.

Mwana wa Wete

Anayo. Nimeshauchukua.