Some Like It Hot: inastahili sifa zote hizi?

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba filamu hii ya Billy Wilder ya mwaka 1959 inasifiwa kwa mazoea tu. American Film Institute iliipa nafasi ya kwanza kati ya vichekesho vya Marekani mwaka 2000, na wahakiki waliopigishwa kura na BBC mwaka 2017 nao wakaiweka kileleni. Wanaoipinga wanasema mzaha wa mwanamume kuvaa gauni umeshachakaa, filamu yenyewe ni ndefu, na haina hata rangi.

Hilo la rangi tulimalize haraka. Wilder aliamua kuipiga kwa nyeusi na nyeupe kwa sababu kwenye majaribio ya rangi nyuso za waigizaji wakuu, Tony Curtis (anayeigiza Joe) na Jack Lemmon (Jerry), kwa vipodozi walivyopakwa, zilionekana za kijani.

La gauni ndilo zito, na hapo napinga kabisa. Joe na Jerry ni wapiga muziki wa Chicago walioshuhudia majambazi wakiua watu. Wanavaa kike na kujificha ndani ya bendi ya wanawake inayokwenda Florida, kwa hiyo kila tunapocheka, kifo kiko nyuma yao. Halafu tazameni Jerry alfajiri ile, baada ya kucheza tango usiku kucha na tajiri Osgood. Amejilaza kitandani, manyanga mkononi, anamwambia Joe amechumbiwa. Joe anauliza ni nani huyo msichana mwenye bahati. Jerry anajibu: mimi! Kisha anatikisa manyanga. Wilder alimpa Lemmon manyanga hayo makusudi, ili watazamaji wapate nafasi ya kucheka bila kupitwa na jibu linalofuata. Gauni peke yake halichekeshi hivyo. Kinachochekesha ni kwamba Jerry amefurahi kwa dhati, amesahau kabisa kwamba yeye ni mwanamume.

Ninachokubaliana na wapinzani ni upande wa Joe, ingawa wengi wao hawaugusi. Sugar, mwimbaji wa bendi hiyo, yaani Marilyn Monroe, anamweleza "Josephine", yaani Joe aliyevaa kike, siri zake akidhani anaongea na mwanamke mwenzake: wapiga saksafoni humtumia kisha humtupa. Joe, mpiga saksafoni, anazichukua siri hizo hizo, anajifanya tajiri wa mafuta, anamnasa. Mwishoni anakiri mara moja tu ndani ya boti, na yote yamesamehewa. Huo ni udhaifu wa uandishi. Monroe ndiye anayeubeba kwa jinsi anavyomfanya Sugar aonekane ameshajijua na bado anapenda.

Kwa hiyo msimamo wangu: inastahili, kwa sababu ya Jerry na Osgood. Jerry anatoa kila kisingizio cha kukwepa ndoa, hatimaye anavua wigi na kusema yeye ni mwanamume, na Osgood anajibu kwa utulivu kwamba hakuna aliyekamilika. Anayeona sifa zimezidi anitajie kichekesho kingine cha miaka ile kilichothubutu kumalizia hapo, bila kumwadhibu wala kumdhihaki Osgood.