Tupeane uzoefu: Nini kilikufanya uyapende mazoezi na usiyaache tena?

Kona_ya_Sinza:

Habari za muda huu wadau. Mada hii nimekaa nayo moyoni muda mrefu.

Nina miaka 41. Nimeanza mazoezi na kuyaacha mara nyingi: kila Januari, kila baada ya Idi, kila nikitoka kumwona mgonjwa wa presha hospitali. Wiki ya tatu ilikuwa hainikuti barabarani.

Mwaka jana nikakaa nikajiuliza, hivi nachukia nini hasa? Jibu likanirudisha shule ya msingi. Tuliosoma miaka ile tunaujua mchakamchaka. Alfajiri, miguu peku, umande, mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo, anayebaki anachapwa. Ukichelewa namba, unaruka kichurachura kuzunguka uwanja. Ukipiga kelele darasani, pushapu. Karibu kila zoezi ambalo leo daktari anatusihi tulifanye, sisi tulilipokea kama adhabu. Na nilipokuwa mtu mzima nikaendelea kujiadhibu. Nikivaa raba tu, natoka mbio kama mtu anayefukuzwa. Dakika tano pumzi imekata, ubavu unachoma, narudi nyumbani nimenuna.

Aliyenibadilisha ni kijana mmoja jirani yangu, dereva wa bodaboda, ambaye Jumamosi hukimbia na klabu ya joging. Akaniambia, "Kaka, kimbia huku unapiga stori. Ukiona maneno hayatoki, punguza mwendo." Tukatoka naye Sinza, tukashika barabara ya Sam Nujoma mpaka njia panda ya chuo, Mlimani, tukarudi. Akina mama waliokuwa wanawahi sokoni karibu watupite. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kukimbia nusu saa bila kusimama, na nilifika getini natamani kesho ifike haraka. Sasa ni mwezi wa 14.

Baadaye nikaelewa kwa nini ushauri ule ni wa kweli. Pumzi huzoea ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Anayeanza kwa kasi anajiona yuko vizuri, kumbe magoti na nyayo hazijawa tayari, anaumia, anaacha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunahesabika.

Nawaomba na ninyi mseme. Wewe ulivuka vipi?

Bint_Jang'ombe:

Asante kaka kwa mada. Mimi niko Unguja. Nililipia jimu miezi mitatu, nikaenda mara nne. Vioo kila upande, muziki juu, na mimi na hijabu yangu najihisi kama natazamwa. Sikuwa huru, na pahala usipokuwa huru mwili nao hugoma.

Kilichoniokoa ni nage, ambayo nyie wa bara mwaita rede. Wanawake wa mtaani petu walianza kucheza baada ya Alasiri kwenye kiwanja chenye ukuta. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara, wewe uko kati na chupa, unaijaza mchanga na huku wakwepa kupigwa. Wainama, waruka, wageuka, wakimbia. Saa nzima yapita hujaangalia saa. Mara ya kwanza nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nijifungue mwanangu wa pili.

Na kuna jambo lingine. Siku nisipokwenda, kabla ya Magharibi kuna mtu ashabisha hodi: "Mbona hatukukuona, u mzima?" Mwaka wa tatu huu. Tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi huku kwetu Zanzibar, twatoka kikundi kizima tumevaa sare, na mama mkubwa kuliko sote ndiye hushika bango.

Zamu_ya_Usiku:

Mimi ni muuguzi, Mwanza. Nitasema tofauti kidogo, msinielewe vibaya. Natembea na kukimbia kidogo kidogo mwaka wa pili sasa, na bado sijalipenda zoezi lenyewe. Kile kilima cha Capri Point sijakipenda hata siku moja. Ninachokipenda ni saa mbili zinazofuata. Nikitoka zamu ya usiku kichwa kinakuwa kimejaa sauti za wodini, nikilala hivyohivyo naziota. Nikipanda kile kilima kwanza, nikaliona ziwa, nikaoga, ndipo nalala.

Nalisema hili kwa sababu nilipoteza miaka nikisubiri nipende ndipo nianze. Kama na wewe unasubiri hivyo, anza hivyohivyo bila kupenda.

Mgeni_wa_Temeke:

Mkuu Kona, swali. Raba unanunua wapi? Za dukani bei imenishinda.

Kona_ya_Sinza:

Mtumba, ndugu yangu, Karume pale. Nenda asubuhi mapema. Igeuze utazame soli, ikiwa imelika upande mmoja iache, maana utakuwa unavaa mwendo wa mtu mwingine. Halafu ikunje: inatakiwa ikunjike kwenye vidole, isikunjike katikati. Na iwe kubwa kidogo, mguu huvimba ukikimbia.

Baada_ya_Isha:

Salamu kutoka Maskati. Kiangazi huku joto hupita nyuzi 40, mchana hutoki. Mimi hutembea baada ya Isha kando ya bahari, Matrah, na muda huohuo nampigia mama simu, yuko Tanga. Yeye husimulia ya mtaani, nani kaoza, nani kafiwa, bei ya nazi imefika wapi. Nikikata simu nimeshamaliza dakika 40. Nisipopiga, yeye hupiga: "Leo hutembei?" Nilianza kwa ajili ya sukari iliyokuwa inapanda. Sasa sijui kama natembea ili niongee na mama, au naongea naye ili nitembee, na sitaki kuvitenganisha.

Mwalimu_Mstaafu_Moshi:

Wanangu, nimesoma yote. Kona ya Sinza, mimi nilikuwa mwalimu wa zamu.

Miaka mingi nilitoka nyuma ya watoto na fimbo. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyodhani mtoto anakomazwa. Sijui ni wangapi walioondoka mikononi mwangu na chuki hiyo uliyoieleza. Kama kuna aliyepita kwangu na anasoma hapa, naomba anisamehe. Yule mtoto wa mwisho kwenye mstari ndiye aliyehitaji mtu wa kukimbia naye pembeni, na mimi nilikuwa na nguvu za kufanya hivyo.

Nina miaka 66. Goti la kulia lina shida, kukimbia siwezi tena. Daktari alinishauri nitembee tambarare na niimarishe misuli ya paja, basi kila asubuhi nakaa kwenye kiti na kusimama bila kushika mkono, mara kumi, napumzika, tena kumi. Kisha natembea na wajukuu wawili mpaka kwenye kona ya shule yao. Mdogo huchoka njiani. Tunasimama pamoja naye tunatazama mlima kama umefunuka, kisha tunaendelea.

Mbio za Kilimanjaro zilipoanza hapa Moshi mwaka 2003 nilikuwa nasimama barabarani kushangilia. Sasa naingia zile za kilomita 5, natembea mwanzo hadi mwisho.

Kona_ya_Sinza:

Shikamoo Mwalimu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, nikamsomea na mke wangu. Mwalimu wangu wa zamu alishatangulia mbele ya haki, sikuwahi kumsikia akisema haya. Nashukuru umeyasema wewe.

Mwishoni mwa Februari nitapanda basi nije Moshi. Sitaki zile ndefu. Naomba tutembee wote hizo 5.

Mwalimu_Mstaafu_Moshi:

Marahaba mwanangu. Karibu sana, fikia nyumbani, usilipe gesti. Ila nakwambia mapema, mjukuu wangu mdogo naye anakuja, na yeye ndiye anayepanga mwendo.