Tini zinapukutika zikiwa changa: nipande mtini dume?

Shamba_Dogo:
Wakuu, heshima kwenu. Nina mtini niliopewa ukiwa kipande cha tawi, sasa umenipita kimo, majani mapana, hauna dalili ya ugonjwa. Kila msimu yale matunda machache yanayotokea mapema kwenye matawi ya mwaka uliopita yanaiva vizuri, matamu kweli. Lakini yanayokuja baadaye kwenye matawi mapya yanafika ukubwa wa ncha ya kidole gumba, yanageuka manjano, yananywea, yanaanguka yote. Nimebadilisha umwagiliaji, nimeweka samadi, hali ni ile ile. Nimepasua moja: uwazi katikati, vinyuzi vyeupe vikavu, hakuna mbegu. Kuna aliyeniambia nipande mtini dume. Utasaidia?

Mama_Mitini:
Mwanangu, acha samadi, mti wako hauna njaa. Jibu limo ndani ya maelezo yako. Matunda ya mapema yanakaa na ya zao kuu yanapukutika: hiyo ndiyo tabia ya kundi la San Pedro. Mitini ya kawaida, kama Brown Turkey na Kadota, hukuza tunda bila chavua yoyote. Ya kundi la Smyrna, kama Calimyrna, haiivishi zao kuu mpaka ipate chavua. San Pedro imesimama katikati, nusu inajitegemea, nusu inadai.

Na chavua hiyo haiji kwa upepo wala kwa nyuki, maana maua ya mtini yamejificha ndani ya tini lenyewe. Anayeyafikia ni nyigu wa aina moja tu, Blastophaga psenes, ana milimita 2 hivi. Jike huanguliwa ndani ya tini la mtini dume. Akitoka hupita kwenye maua ya kiume yaliyojipanga karibu na tundu dogo la kitakoni mwa tini, anajipaka chavua, anaruka kutafuta tini changa. Maisha yake nje ni mafupi sana, siku moja au mbili.

Chukua tini changa lililotembelewa, ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Pale kwenye tundu, kati ya magamba, utaona mbawa zake zimebaki zimekwama. Zimekatika akijisukuma kuingia, na kutoka tena hawezi. Kama ameingia tini dume, anataga mayai kwenye maua yenye shingo fupi na kizazi kinaendelea. Kama ameingia tini jike, shingo za maua ni ndefu, kitagio chake, yaani mrija wa kutagia, hakifiki chini. Anahangaika kutoka ua moja hadi jingine, anaacha chavua kila anapopita, anafia humo humo. Mimi hilo huwa linanigusa kila ninapolitazama.

Sasa swali lako. Mtini dume peke yake hauzai nyigu. Lazima nyigu wawepo eneo lenu, na wapate matini dume ya kuishi mwaka mzima, pamoja na yale yanayobaki mtini wakati wa baridi. Barafu ikiyaua hayo, kizazi kimekwisha. California waliagiza miche ya Smyrna miaka ya 1880, miti ikastawi, matunda yakaanguka kama yako. George Roeding, mkulima wa mitini wa Fresno huko huko California, alijaribu kutia chavua kwa mkono, matunda yakakaa, kwa hiyo sababu ikajulikana. Hata hivyo nyigu wenyewe walikuja kutulia huko mwaka 1899, baada ya mtaalamu wa mimea Walter Swingle kuwatuma kutoka Algeria.

Jicho_la_Mche:
Mama, shikamoo. Na kama kuna mkuyu jirani? Ile nayo ina nyigu tele ndani.

Mama_Mitini:
Marahaba. Nyigu wa mkuyu ni wa mkuyu. Jamii hii ya miti ina mamia ya aina na kwa kawaida kila moja ina nyigu wake. Usiwategemee.

Shamba_Dogo:
Asante sana mama. Basi hiyo ya kutia chavua kwa mkono inafanyikaje? Na nyigu aliyefia ndani, tunamla?

Mama_Mitini:
Tini lina kimeng'enya kiitwacho fisini kinachosaga protini, mwili wa nyigu unayeyushwa tunda likiendelea kukua. Vile vinavyolia mdomoni ni mbegu.

Kwa mkono: pata matini dume yaliyoiva, yapasue, yaweke juu ya karatasi nyeusi mahali pakavu. Vumbi la manjano litadondoka, likusanye. Lichanganye na maji kidogo, vuta kwenye bomba la sindano, ingiza kupitia tundu la kitakoni. Wengine hupuliza vumbi kavu kwa mrija mwembamba. Wakati wake ni tini likiwa na kipenyo cha karibu sentimita 1, magamba ya tundu yamelegea kidogo. Matini hayatoki kwa pamoja, kwa hiyo utarudia kila baada ya siku chache. Tia alama ya uzi kwenye uliyoyahudumia ili ulinganishe na mengine.

Fundi_Bebesha:
Naongezea la tahadhari. Palipo na nyigu, hakikisha mtini dume una afya, maana nyigu hubeba pia vimelea vya ukungu wa Fusarium, na tunda huoza kuanzia ndani. Nyigu wakizidi matunda hupasuka, ndiyo sababu wakulima wengi huweka mitini dume mbali na kutundika matini dume machache kwenye miti jike kwa awamu. Ukichoka na kazi yote hiyo, bebesha, yaani unganisha, tawi la aina ya kawaida kwenye mti huo huo.

Mama_Mitini:
Fundi kasema kweli, ila bebesha upande mmoja tu. Matunda ya mapema ya San Pedro ni makubwa na matamu, hayo usiyakate. Na ukipogoa, acha matawi ya mwaka jana, ndiyo yanayoyabeba.