Intaneti kwenye bustani za burudani Japani: rauta ya mfukoni, eSIM au romingi?

MamaMapacha

Wakuu habari zenu. Tunakwenda Japani likizo ijayo: mimi, mume wangu, mapacha wetu wa miaka tisa, mdogo wao wa miaka mitatu, na mama mkwe. Tutaingia Tokyo Disneyland na DisneySea, halafu Universal ya Osaka. Tiketi zote ziko kwenye simu yangu.

Swali langu ni la intaneti. Mume anataka tukodi rauta moja ya mfukoni uwanja wa ndege, wote tuunganishe humo. Mdogo wangu anasema ninunue eSIM, ile laini inayowekwa kwenye simu bila kadi. Mtandao wangu wa nyumbani nao una bando la romingi, yaani kutumia laini yangu hiihii nikiwa nje ya nchi. Na waifai ya bure si ipo hukohuko? Naombeni ushauri wa mtu aliyewahi kufika na familia.

Msafiri_Mkongwe

Dada, piga hesabu ya GB kwanza. Programu za bustani, ramani na ujumbe havili data nyingi. Kinachokula ni video. Kwenye iPhone dakika moja ya video ya 1080p ni kama MB 60, na ukirekodi 4K kwa fremu 60 kwa sekunde inafika MB 400. Sasa kama simu imewekwa kupandisha picha mtandaoni yenyewe, bando halifiki mchana. Zima hilo, picha zipande usiku kwa waifai ya hoteli. GB 1 kwa siku kwa mtu inatosha kabisa.

Shangazi_Safari

Hesabu ya mkuu hapo juu ni sahihi, nami naiunga mkono. Ila wewe, mwanangu, anzia kwingine: ni saa ngapi mtatengana, na nani atabaki na nani?

Maana kutengana mtatengana tu. Una mtoto wa miaka mitatu, na michezo ya kasi ina kipimo cha urefu. Bustani hizi zina utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anaingia na wakubwa, mwenzake anabaki nje na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Sasa rauta itakuwa kwenye mkoba wa nani?

Nilimwona ndugu yangu DisneySea amekaa kwenye benchi, mtoto amemlalia begani, simu mkononi haina mtandao hata kidogo. Rauta alikuwa nayo mumewe ndani ya foleni. Walipomaliza wakatokea upande mwingine, wakasimama dukani wakimtumia ujumbe, naye hapokei kitu. Kila upande unadhani mwenzake ameondoka. Mimi ndiye niliyekwenda kuwatafuta kwa miguu, mkubwa wao tayari analia. Rauta inawafaa watu wanaokaa pamoja kutwa nzima, na kwenye treni au hotelini sina neno nayo. Lakini bustani ni mahali pa kutawanyika, na betri yake ikizima jioni, familia nzima imezimika.

Kwa hiyo nashauri wewe na mumeo kila mmoja awe na eSIM yake. Yako hasa, kwa sababu tiketi ziko kwako. Tokyo, kwa tiketi za kawaida, Premier Access, yaani kile kibali cha kulipia cha kupita foleni fupi, hakinunuliwi ukiwa nje. Mpaka mpite geti ndipo programu ikufungulie. Na ile safari ya Anna na Elsa kwenye Fantasy Springs, sehemu ya DisneySea iliyofunguliwa Juni 2024, siku za watu wengi vibali vyake huisha mapema asubuhi. Pale getini kila mtu ameinamia simu, nawe unataka kununua kabla yao. Ukitegemea waifai ya bure wakati ule, utakuta inakutaka kwanza ukubali masharti, na ukipiga hatua chache inakatika. Waifai ya bustani iwe akiba tu, usiijengee siku yako.

Halafu kuna la benki, na hili naomba ulishike sana. eSIM nyingi za wasafiri ni data tupu, hazina namba ya simu. Ukilipia kitu ndani ya programu, benki yako inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe, na ujumbe huo unakwenda kwenye laini yako ya nyumbani. Hivyo usiizime laini hiyo. Kabla hujaondoka, waombe mtandao wako wakufungulie romingi. Ukifika, zima data ya romingi kwenye laini hiyo peke yake, laini yenyewe iache hewani. Data yote ipitie eSIM. Kuna pia kitufe kinachoruhusu simu kuhama laini ya data yenyewe, nacho kizime. WhatsApp haina tatizo, inabaki na namba yako ileile.

eSIM iweke ukiwa bado nyumbani, kwenye waifai ya uhakika, kwa sababu kuiweka kwenyewe kunahitaji intaneti. Usiifute ukishaiweka, maana msimbo wa QR wa kuiwekea mara nyingi hutumika mara moja tu. Kujua kama simu inakubali, bonyeza *#06#. Ikitokea namba ya EID, inakubali. Halafu hakikisha simu haijafungwa kwa mtandao mmoja.

MamaMapacha

Shangazi, asante sana, hilo la benki sikuwa nimeliwaza kabisa. Nimebonyeza *#06# kwenye simu zote. Yangu na ya baba watoto EID ipo, ya mama mkwe haipo. Na mapacha wana tableti zao. Tufanyeje?

Shangazi_Safari

Mama mkwe mnunulie lile bando la romingi. Habadilishi chochote, laini ni ileile, namba ni ileile, na akipotea anapiga simu kama alivyozoea. Soma tu masharti uone kama Japani imo na kama siku moja inahesabiwa kwa saa 24 au inakatwa usiku wa manane. Mwekee namba yako na ya mumeo juu kabisa, na mwandikie jina la hoteli kwenye karatasi. Mtu mzima asiachwe ategemee skrini peke yake.

Tableti ziacheni hotelini. Ikiwa lazima, hotispoti itoke kwa baba yao. Simu yenye tiketi isigawe mtandao kwa mtu, betri yake utaihitaji hadi usiku. Beba pawabenki.

Osaka jipange vilevile. Super Nintendo World, sehemu ya Universal iliyofunguliwa 2021, siku za msongamano haiingiliki bila kibali chenye muda, na kibali hicho unakichukua kwenye programu mkiwa mmeshaingia ndani. Pakua programu zote nyumbani, fungua akaunti, weka kadi. Na angalia tiketi ulizonunua: ziwe tano, siyo sita. Bustani hizi zote hutoza kuanzia miaka minne, mdogo wenu anaingia bure.

Baharia_wa_Nchi_Kavu

Nadandia hapohapo. Mimi naelekea Shanghai Disneyland na wanangu. Ushauri ni huohuo?

Shangazi_Safari

Kwa China kuna jambo moja linabadilika, tena kubwa. Ukinunua laini ya huko, au ukitumia waifai ya bustani, unapita kwenye kizuizi cha intaneti cha nchi: Google haifunguki, WhatsApp haifunguki. Romingi ya laini ya nyumbani na eSIM nyingi za wasafiri hupeleka data hadi nje ya nchi kwanza, kwa hiyo zinafanya kazi kama kawaida. Kabla hujalipa, muulize muuzaji swali hilo moja: data yako inatokea nchi gani? Na kama mtapitia Hong Kong, angalia kama imetajwa kwa jina kwenye bando. Mitandao ya Hong Kong ni mingine, na bando la China bara si lazima liifikie.