Tupeane uzoefu: kuchomoa kishikio kilichogundishwa kwenye kasia la kaboni

#1 (mleta mada)
Wakuu, uzi huu ni wa wanaochomoa kishikio cha T kwenye kasia la kaboni, iwe ni kufupisha bomba, kubadili kishikio kilichopasuka au kunyoosha kilichokaa upande. Leteni vipimo: joto kiasi gani, dakika ngapi, gundi ipi. Naanza.

Kabla hujawasha chochote, tambua gundi. Angalia pale kishikio kinapokutana na bomba, utaona michirizi iliyofurika. Ibonyeze kwa ukucha. Ikibonyea kama raba, na ukiipasha kidogo ikaanza kunata, hiyo ni gundi ya vijiti, ile ya kuyeyushwa kwa bastola. Makasia mengi ya kupigia umesimama juu ya ubao huuzwa nayo makusudi, ili mwenye kasia aweze kukata bomba kulingana na kimo chake. Ikiwa ngumu kama kioo na inameguka ukiikwangua kwa ncha ya kisu, ni epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), na hapo kazi inabadilika kabisa.

Kwa gundi ya vijiti draya ya nywele inatosha. Bandika utepe wa karatasi na uchore mstari mmoja unaovuka kutoka kishikio hadi bomba, ili ukirudisha kisije kikapishana na bapa (sehemu pana inayoingia majini). Puliza kwa umbali wa sentimita 3 hivi, ukizungusha kasia muda wote, dakika 3 hadi 5. Lenga shingo ya kishikio na sentimita 6 hadi 8 za juu za bomba, maana shina la kishikio, ile sehemu inayoingia ndani ya bomba, huishia humo. Vaa glovu, nyonga kishikio kulia na kushoto mpaka kilegee, ndipo uvute huku ukiendelea kunyonga. Kikigoma, ongeza dakika moja ya joto. Usiongeze nguvu.

#2
Naongezea kwenye joto, kwa sababu hapo ndipo mabomba yanapokufa. Kinachoshika nyuzi za kaboni ni resini, na mara nyingi nayo ni epoksi. Iliyokaukia kwenye joto la chumba tu huanza kulegea kwenye nyuzijoto 50 hadi 60. Iliyookwa kiwandani huvumilia zaidi, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hitigani ya fundi inaweza kutoa hewa ya zaidi ya nyuzijoto 500, na ukisimama sehemu moja kwa sekunde chache tu umeshaharibu. Kama huna nyingine, weka joto la chini kabisa, kaa mbali, na upime uso wa bomba kwa kipimajoto cha kuelekeza. Mimi sivuki 70.

Dalili za kuzidisha: harufu kali, mng'ao unafifia, vipovu vidogo chini ya rangi. Bomba likipoa, ligongegonge kwa sarafu kuanzia chini kwenda juu. Sauti kavu ikigeuka kuwa ya kufa mahali fulani, tabaka zimeachana hapo.

Na msibane bomba kwenye jiriwa! Ukuta wake mara nyingi ni milimita 1 hadi 2 tu, na likiwa na joto linabonyea na kuwa na umbo la yai. Lifunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, mwenzako ashike kwa mikono miwili.

#3
Kwa kishikio cha plastiki maji ya moto ni salama kuliko draya, kwani joto lake lina mwisho. Maji yaliyochemka, yaachwe dakika chache yapoe. Valisha kishikio mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri juu ya kiungio, ukizamishe kichwa chini kwa dakika 3 hivi. Bila mfuko maji yanaweza kuingia ndani ya bomba na kukaa humo.

Pia bomba ni tupu ndani na hewa yake hutanuka ikipata joto. Kama kishikio hakina kitundu cha kupumulia, gundi ikilegea kinaweza kufyatuka chenyewe. Usikielekeze usoni.

#4
Mkuu #3, hayo ni kwa plastiki. Shina likiwa la alumini, joto linakuchezea. Alumini hutanuka kwa sehemu 23 za milioni za urefu wake kwa kila nyuzijoto, kaboni karibu haisogei. Shina la milimita 25 likipanda nyuzijoto 60 linanenepa kama milimita 0.03, yaani linajibana zaidi ndani ya bomba. Gundi ya vijiti itayeyuka hata hivyo. Epoksi haiyeyuki. Hapo badilisha mwelekeo: tia barafu yenye chumvi kwenye mfuko, zungushia kishikio nusu saa, shina lisinyae, kisha nyonga kwa mshtuko mfupi. Rudia baridi na uvuguvugu mpaka gundi ipasuke.

Kasia la baharini lina tatizo jingine. Alumini ikigusana na kaboni penye maji ya chumvi huliwa na kutoa unga mweupe unaojaza nafasi yote. Ukiuona kwenye kiungio, si gundi pekee inayoshika.

#5
Epoksi ikigoma kabisa na shina ni la plastiki, kata kishikio usawa wa mdomo wa bomba, toboa katikati ya shina kwa keekee ya milimita 10, kisha pitisha ubapa wa msumeno wa kukatia chuma ndani na upasue ukuta wa plastiki kwa urefu. Simama kabla ya kugusa kaboni. Kunja kingo kuelekea ndani kwa koleo, litatoka vipande vipande. Msumeno uwe wa meno 32 kwa inchi, utepe tabaka mbili mahali pa kukata, maji kidogo ya kulaza vumbi, barakoa ya FFP2 ya kuchuja vumbi. Vumbi la kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo mbali na kompyuta na chaja.

#6
Asetoni vipi, inasaidia?

#4
Hapana. Epoksi iliyokomaa haitaiyeyusha, ila kishikio cha plastiki ya ABS itakiyeyusha. Mabaki ya gundi ya vijiti yatolewe kwa alkoholi ya aisopropili: dondoshea ukingoni, subiri dakika moja, yanabanduka kama ngozi.

#1 (mleta mada)
Kurudisha: msasa namba 80 kwenye shina, 120 ndani ya bomba, futa vumbi. Pasha mdomo wa bomba kwanza, la sivyo gundi inaganda katikati ya safari. Paka mistari 3 au 4 ya gundi kwa urefu wa shina ili hewa ipate njia, sukuma mara moja ukinyonga, linganisha na bapa ndani ya sekunde chache, acha dakika 15. Na kasia lisilale ndani ya gari lililofungwa juani, gundi hulegea na kishikio huhama chenyewe.